Kibali cha Mama Mkwe

Januari 4

Mama mkwe amefika. Ndege ilitua saa tano asubuhi. Pale wanapopokelewa wageni nilisimama nyuma ya nguzo mpaka Velma alipomaliza kumkumbatia mama yake, kisha nikasogea, nikainamisha kichwa na kusema "Karibu, Mama" nikiitazama sakafu. Naye akaliambia sanduku lake kwamba ameshukuru.

Asiyejua atadhani tumegombana. Mimi ni Mbukusu wa Kimilili, mke wangu Velma ni Mnyala wa Port Victoria, na katika jambo hili kwetu na kwao ni kitu kimoja: mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatajani majina. Hata hapa jina lake sitaliandika. Kuna sherehe ya kuondoa haya hiyo, hupelekwa kondoo na wazee wakashuhudia. Sisi tulifunga ndoa katika likizo ya wiki mbili, tukasema tutaifanya mwaka ujao. Mwaka ujao umepita mara nne.

Amekuja kwa ajili ya Bella, binti yetu, aliyezaliwa Desemba 20. Visa yake ya matembezi inaisha Machi 28, na mwenyeji wake kwenye karatasi ni mimi. Tunaishi Al Wukair, nje kidogo ya Doha, katika villa iliyokatwakatwa vyumba. Chetu ni kimoja, pamoja na jiko lenye mlango wake wa nje.

Kazini, mlangoni mwa jumba la ofisi kule West Bay, kila zamu naandika kitabu cha matukio: saa, gari, mtu, hatua iliyochukuliwa. Nimefanya hivyo miaka sita na kalamu imenizoea. Sasa nyumbani nitakuwa na mengi nisiyoweza kuyasema kwa mdomo, basi nimenunua daftari. Naliandika kwenye basi la kampuni nikienda kazini.

Januari 5

Mpango wa Velma ni huu. Mimi nipo kazini toka saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, na nafika nyumbani saa moja u nusu. Usiku Mama atalala kwetu kwa kuwa mimi sipo. Asubuhi, kabla sijafika, atakunja godoro lake, atalificha jikoni nisilione, na atatoka. Atarudi nikishaondoka saa kumi u nusu jioni.

"Atakuwa wapi siku nzima?" nikauliza.

"Atatembea. Si amekuja kuona Doha?"

Niliomba kitanda kwenye kambi ya kampuni. Wamekataa, kwa sababu ukishachukua posho ya nyumba, kitanda huna. Niliomba zamu ya mchana. Msimamizi akasema ratiba haibadiliki mpaka Idi.

Januari 9

Upepo wa kaskazini. Baridi ya kuuma masikio. Mama katoka saa moja.

Januari 12

Ameigundua bahari. Anapanda basi hadi Wakrah, anateremka ufukweni, na ana mshipi na ndoana alizotoka nazo nyumbani ndani ya soksi. Leo jikoni nimekuta samaki wawili aina ya changu wamekaangwa, wamefunikwa na sahani. Nimekula nikiwa peke yangu. Walikuwa watamu, lakini kila mfupa niliouchomoa ulinitia wasiwasi. Katika nchi hii huegeshi hata baiskeli bila karatasi. Je, samaki?

Nilimwambia Velma amuulize mama yake. Velma akasema, "Baba Bella, mama anavua na uzi mmoja. Utadhani amekuja na meli."

Januari 19

Sikupenda nilichokisikia leo. Velma ameniambia, huku akikunja nepi, kwamba mama yake anaona chumba hiki hakina hewa ya mtoto. Kwamba sisi wawili, mimi mlangoni na Velma zahanati, ni watu wa zamu. Kwamba Machi akirudi, angeweza kurudi na Bella, akalelewa Port Victoria mpaka afike umri wa shule.

Wenzetu wengi wamefanya hivyo. Kevin, ninayesimama naye zamu, ana mwana wa miaka mitano aliyemshika kwa jumla ya siku tisini. Mwana huyo humwita Kevin "anko wa simu".

"Wewe ulimjibuje?" nilimuuliza Velma.

"Nilinyamaza."

Najua Velma akinyamaza ana maana gani. Anafikiri. Sikupata usingizi leo.

Januari 26

Yametokea, na Mama amempigia Velma simu kutoka ufukweni. Saa nne asubuhi wakaguzi wawili walimkuta Mama ufukweni na mshipi majini. Walimuuliza kibali. Akawaonyesha pasipoti. Wakaipiga picha, wakaandika jina la mwenyeji, yaani mimi, na kwa ishara na Kiingereza kidogo wakamwelewesha: leo ni onyo, siku nyingine ni kosa, na kosa litaandikwa kwa mwenyeji.

Miaka sita faili yangu ni nyeupe. Sijawahi hata kuvuka barabara pasipo na mistari.

Nilimwambia Velma, kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani, kwamba mambo ya samaki yamekwisha leo. Kisha nikasikia kitu kikianguka jikoni. Mama alikuwa mlango wa nje, amerudi mapema kwa sababu ya wakaguzi, na alikuwa amesikia kila neno. Mkwe mzima nimempigia mama mkwe kelele. Nimeona aibu mpaka sasa masikio yanawaka.

Januari 27

Velma ameleta ujumbe kutoka upande wa jikoni: Mama hataacha kuvua, ila atavua kwa kibali. Kama watu wa hapa wanataka karatasi, atafutiwe karatasi.

Basi nimekwenda Wakrah kwa Hadijah, mwanamke wa Malindi anayefanya kazi katika duka la kujaza fomu. Kiarabu anakizungumza kama maji. Amepiga simu mbili na kuniambia: "Kaka Silvesta, mgeni wa matembezi aweza kuomba. Wataka nakala ya pasipoti, ya visa, ya kitambulisho chako, na muende nyote wawili mbele ya afisa. Mwenyeji na mgeni, ana kwa ana."

"Nyote wawili pamoja?"

"Pamoja. Kwani kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu.

Februari 3

Mandubu, yule mtu wa kampuni anayezunguka maofisini na karatasi zetu, ameanza kushughulikia kibali cha Bella cha kuishi nchini. Kinatoka kwa jina langu. Amesema tuwe tumemaliza kabla ya Machi 20, siku tisini toka azaliwe. "Faili yako iwe safi tu," akasema. "Ikiwa na swali, kila kitu kinasimama." Bella asipopata kibali, hawezi kubaki. Ataondoka na nani? Jibu linalala chumbani kwangu kila usiku.

Februari 9

Siku ya kibali cha kuvua ilikuwa leo.

Tulikwenda ofisini, mimi na Mama. Velma alibaki na mtoto kwani likizo yake ya uzazi imekwisha na anajitayarisha kurudi kazini kesho, kule zahanati, zamu ya jioni. Kwenye teksi nilikaa mbele, Mama nyuma, na dereva aliendelea kutuuliza kama tunaelekea mahali pamoja. Pale ofisini nilikaa viti vitatu kutoka kwake. Namba yetu ilipoitwa, tulikwenda dirisha la saba tukiwa tumeachiana nafasi ya kupita toroli.

Afisa alikuwa kijana mpole, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ya kwapa. Alizikagua karatasi, akaridhika. Kisha akamtazama Mama na kumuuliza kwa Kiingereza swali ambalo nadhani huwauliza wote.

"Mwenyeji wako anaitwa nani?"

Mama Kiingereza chake ni cha salamu, hivyo ikabidi nitafsiri mwenyewe. Niliuambia ukuta: "Mama, anauliza jina la mwenyeji."

"Mwambie ni Baba Bella," Mama akauambia ukuta wa upande wa pili.

"Bella ni nani?" afisa akauliza.

"Mjukuu."

"Sawa. Lakini jina la huyu bwana. Lililoandikwa hapa."

Mama akavuta leso mpaka mdomoni. Nilitafsiri tena, jasho likinitoka mgongoni. Akatikisa kichwa.

"Hatajwi," akasema. "Si na mimi."

Afisa akaweka kalamu chini. Akanitazama, akamtazama Mama, akaiona ile nafasi kati yetu. "Mbona hamtazamani?"

Nilijaribu kueleza. Lakini jaribu wewe kueleza haya ya mkwe kwa Kiingereza cha kukagua magari. Nilisema "ni heshima". Akauliza, "Mnaishi nyumba moja?"

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Miaka sita nimefundishwa nikiulizwa swali nijibu ukweli mtupu. Nikasema, "Hapana, bwana. Mimi nikiingia, yeye hutoka. Hatujawahi kuwa ndani pamoja."

Nilimwona anavyobadilika uso. Alisema, bila ukali, kwamba wapo watu wanaoleta wageni wasiowajua kwa kusema ni ndugu, na kwamba hawezi kuupitisha mkono wake juu ya jambo asilolielewa. Nikamtolea cheti cha kuzaliwa cha Velma kwenye simu. Kikaharibu zaidi: kimeandika jina la mama la ndoa, na pasipoti ina la ubatizo. Akaandika mistari miwili kwenye kompyuta. Ombi limezuiwa, na faili ya mwenyeji ina swali. Tutaitwa kwa ujumbe wa simu.

Faili ya mwenyeji ina swali! Nje, Mama aliniacha nitangulie hatua kumi, kama ilivyo adabu. Nilitamani kugeuka na kumpigia kelele: ni silabi tatu tu! Silvesta! Lingekuua?

Februari 10

Mandubu amepiga simu mwenyewe. Ya Bella imesimama.

Velma alilia, kisha akakasirika, kwanza na mimi, halafu na mama yake, halafu na mimi tena. "Ulishindwa nini kusema mnaishi pamoja?"

"Hatuishi pamoja."

"Silvesta, hapo ndipo uliona pa kuwa mkweli?"

Februari 12

Nimemsimulia Kevin. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Buda, angalia hii kitu vizuri. Mathe alisema anataka kwenda na mtoi. Sasa karatasi ya mtoi imekwama, na aliyeikwamisha ni nani? Ni yeye. Akikaa kimya tu hadi mwezi wa tatu, anabebewa mtoi mpaka airport. Huyo mathe ni mjanja, wallahi."

Nilimwambia aache upuuzi, Mama si mwizi wa watoto. Lakini njia nzima ya kurudi nimelifikiria neno hilo, na sasa halinitoki.

Februari 13

Nimekuta wali na samaki jikoni. Sikula.

Februari 18

Ukungu mzito. Basi lilitambaa, na kutoka barabarani sikuona hata taa za nyumba yetu. Mama alikuwa ameshatoka. Velma anasema sasa havui, mshipi ameuacha chini ya sinki, ila anatoka vilevile. Nikasema kwa chuki kwamba anaweza kwenda anakotaka. Velma akamgeuza mtoto bega la pili.

Siku zetu sasa zimekuwa hivi: Velma anaondoka saa tisa na robo kwenda zahanati. Nabaki na Bella mpaka saa kumi u nusu. Namlaza kitandani mwake, natoka mlango wa mbele na kukohoa, naye Mama anaingia mlango wa jikoni. Tunapokezana mtoto kama walinzi wanavyopokezana zamu, bila kuonana.

Februari 24

Leo nimejua jambo, na nimejidharau.

Nilipita dukani kwa Hadijah kuuliza kama ujumbe umekuja. Akaniambia, "Mama mkwe wako huja hapa kukaa, siku hizi. Namwekea kiti. Lakini bosi wangu keshaanza kuuliza."

"Arudi tu baharini basi, kama samaki anawapenda hivyo," nikasema.

Hadijah akaacha kuchapa. "Kaka, ni nani alokwambia awapenda? Yule samaki wa hapa hamli. Asema ana chumvi, wa kwao ziwani ndiye samaki. Yule atafuta pa kukaa. Alinambia: mtu akiketi tu ufukweni toka asubuhi hadi jioni, wataja kumuuliza wewe ni nani, wangojea nini. Lakini mwenye mshipi ana kazi yake, hamna amuulizaye. Muda wa saa tisa kila siku akaa nje upate kulala. Wewe hukulijua hilo?"

Sikulijua. Nilidhani anatembea. Nilidhani ni ukaidi na tamaa ya samaki. Wiki saba nimelala usingizi wangu wa mchana, nikiamka nalalamika kwamba mto ni mgumu, na mwanamke wa miaka sitini na mbili ameketi kwenye mawe kwa upepo wa Januari ili haya yangu na yake zisikutane. Kibali alichokitaka ni cha kuwa na mahali.

Bado sijui kama anataka kuniondolea mtoto kwa hila. Lakini nimekula chakula chake leo, nikakimaliza.

Machi 1

Ramadhani imeingia. Ofisi zinafunga mapema, na mchana hakuna anayekula wala kunywa mbele za watu. Mama si Mwislamu lakini atakuwa nje mchana kutwa, bila hata tone la maji. Nimemwambia Velma amwambie abaki ndani, mimi nitalala popote. Jibu limekuja kutoka jikoni: "Mwambie Baba Bella asijali. Wenzangu ufukweni nao wamefunga."

Machi 6

Vumbi. Anga la rangi ya chai. Niliomba kulala kwenye kibanda cha walinzi mchana ili Mama abaki nyumbani, msimamizi akanifukuza kwa upole. Nilijaribu msikiti, nikaamshwa kwa swala. Nilirudi nyumbani saa sita, nikakohoa mlangoni, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa haraka. Alikuwa amepumzika kidogo, na nimemtimua. Joto linapanda kila siku.

Machi 11

Ujumbe wa simu: Machi 18, saa nne asubuhi, dirisha la saba. Mandubu anasema ndiyo nafasi ya mwisho. Swali likifutwa tarehe 18, ataiwahisha ya Bella tarehe 19. Lisipofutwa, tumkatie mtoto tiketi.

Machi 15

Velma alipiga magoti mbele ya mama yake, ameniambia. Alimwomba ataje jina, mara moja tu, mbele ya mtu asiyejua hata Kimilili iko wapi. Mama akasema atafikiri. Velma naye aliiona nguo ndogo ya sufu, mpya, ya mtoto, ndani ya sanduku la mama yake. Ya kusafiria.

Kwa hiyo Kevin hakukosea. Nilikaa kitandani na Bella kifuani nisijue nimchukie nani.

Machi 18

Tulikwenda sote: mimi, Mama, Velma na mtoto, na Hadijah aliyeomba ruhusa ya muda wa saa mbili ili atafsiri. Afisa alikuwa yuleyule, midomo imekauka kwa saumu. Alimwambia Velma akae nyuma na asiseme neno, maana anataka kumsikia mgeni mwenyewe. Mimi nikasimama upande wa kushoto, Mama wa kulia, Hadijah katikati.

Afisa akauliza kwa Kiarabu, na Hadijah akaligeuza swali lilelile: mwenyeji wako anaitwa nani?

Nilisikia mashine ya namba ikiita watu wengine.

"Binti yangu," Mama akamwambia Hadijah, "mwambie huyu baba jina sitaji. Nikilitaja nitakuwa nimemtukana mkwe wangu, na yeye hajanikosea."

Nyuma yangu Velma alitoa sauti kama mtu aliyejigonga. Hadijah akatafsiri, polepole. Afisa akapangusa uso kwa kiganja na kusema jambo refu.

"Asema," Hadijah akageuka, "kama jina halitajwi, basi umwambie jambo lolote kumhusu huyu bwana. Jambo ambalo mtu mgeni kwake hawezi kulijua."

Mama alifikiri. Kisha akaisogelea ile kaunta, akaweka mikono yote miwili juu yake, na akaongea akimtazama afisa machoni. Hakunigeukia hata mara moja.

"Mwambie huyu mtu akitoka nyumbani anakohoa mara mbili, ndiyo mimi nijue niingie. Mwambie nguo yake ya kazi anapiga pasi mwenyewe, hataki bibi yake achoke. Mwambie Velma akienda kazi, mimi nakuwa nimeshafika. Nakaa kwa ngazi ya jikoni nangoja atoke. Huko nasikia. Anafikiri hakuna mtu, lakini mimi nasikia."

Nilihisi uso wote unapata moto.

"Anachukua mtoto anamsomea kitabu cha askari. Saa mbili gari nyeupe imeingia. Saa mbili na robo gari nyeupe imetoka. Saa tatu hali ni shwari. Mtoto akilia anaanza tena mwanzo, pole pole, gari nyeupe imeingia. Haachi mpaka mtoto alale, hata kama basi ya kazi itamwacha. Na siku moja ilimwacha. Nilisikia akiikimbilia."

Hadijah alitafsiri, akasimama katikati, akaendelea. Ni kweli, liliniacha siku moja Februari. Nilipewa onyo la maandishi, la kwanza katika miaka sita, na sikumwambia mtu yeyote. Hata daftari hili sikuliambia.

Afisa alikuwa ameinua mkono kana kwamba imetosha. Mama hakuuona, au hakuujali.

"Mwambie bado. Mwambie mimi nilikuja Doha na nguo ya mtoto ya kupanda ndege. Nilisema huyu mtoto nitarudi naye, hawa watu wa kazi za usiku watalea saa ngapi? Mwambie nilikosea. Nimekaa kwa ile ngazi mwezi mzima na zaidi, na nilikosea. Mtoto abaki kwa baba yake. Samaki mnaweza kuninyima, sitalia. Lakini msimwandikie huyu mtu vibaya kwa sababu ya adabu yangu."

Hadijah akamaliza. Nililia. Niligeukia tangazo la foleni nikajifanya nalisoma, nikalia na bereti yangu ya kazi usoni.

Afisa aliandika kwa muda. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Hilo gari jeupe ni la nani?"

"La meneja wa ghorofa ya kumi na mbili, bwana."

"Hurudi saa hiyo kila siku?"

"Kila siku, bwana."

Akaitikia kwa kichwa, akagonga muhuri mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kufuta swali kwenye faili yangu. Wa pili ulikuwa wa kibali cha kuvua, chenye picha ya Mama aliyekunja uso, halali mpaka Machi 28. Alimpa Hadijah maneno ya mwisho. "Asema samaki wadogo uwarudishe majini, mama."

"Huwa nawarudisha," Mama akasema.

Machi 19

Mandubu ameiwahisha. Sijalala. Hata nikiandikiwa cheo leo sitakisikia.

Machi 20

Kimetoka. Bella ni mkaazi. Kwenye picha amefumba jicho moja.

Machi 23

Wakaguzi wamemkuta Mama tena ufukweni. Velma anasema alikitoa kibali kabla hawajamaliza kuteremka kwenye gari, akawashikia hadi walipokisoma chote, pande zote mbili.

Machi 28

Safari ya Mama ilikuwa ya alasiri. Uwanja wa ndege ulijaa watu wanaokwenda nyumbani kwa Idi. Nilitembea nyuma na sanduku, hatua kumi, kama ilivyo adabu. Lilikuwa jepesi. Ile nguo ya sufu aliiacha kwenye kabati la Bella, imekunjwa, bado ina karatasi ya dukani.

Velma alikwenda kupanga foleni ya kukagua tiketi. Mama alikuwa amempakata Bella, na mimi nimesimama karibu na toroli nikitazama viatu vyangu. Tangazo la ndege yake likatolewa. Velma alikuwa mbali, nyuma ya familia kubwa yenye mabunda ya blanketi, anapunga mkono tufanye haraka.

Kwa desturi, Mama angengoja. Angempa Velma mtoto, na Velma anipe mimi. Nilimwona akimtazama Velma, akaitazama foleni. Kisha akaja. Viatu vyake vya kahawia vikasimama mbele ya vyangu, karibu kuliko vilivyowahi kuwa, na nikainua mikono kwa sababu sikujua la kufanya nayo.

Alimweka Bella mikononi mwangu yeye mwenyewe. Akamweka sawa shingo, akalivuta blanketi likafunika miguu.

"Amekula," akasema. Aliniambia mimi. "Sasa msomee alale."

Akalivuta sanduku lake, akaenda. Nilibaki pale kati ya watu, nikamwambia Bella sikioni kwamba saa tisa na dakika ishirini abiria mmoja ameondoka.